Kwenye tahariri, maoni yanajificha wapi?

*"Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni. Mwalimu ametupa tahariri moja ya gazeti, tupige mstari wa bluu chini ya sentensi za ukweli na mwekundu chini ya za maoni. Nimejaribu mara tatu na kila mara napata jibu tofauti, maana sentensi nyingi naona zina vyote viwili. Kuna moja inasema ajali za barabarani zimeongezeka kwa asilimia 40. Hiyo nimeipa bluu, lakini inanikera na sijui kwa nini. Nyumbani nako tunabishana. Mzee wangu anasema kilichochapwa gazetini kimehakikiwa, kwa hiyo ni kweli. Mimi namwambia tahariri ni maoni matupu, ya nini kuiamini? Nani yuko sahihi? Na je, gazeti linaruhusiwa kuchanganya hivyo?"*

Ndugu msomaji, kalamu mbili hazikutoshi, na kosa si lako. Zoezi la bluu na nyekundu linachukulia kwamba kila sentensi iko upande mmoja tu, wakati kwenye tahariri mpaka huo mara nyingi unapita katikati ya sentensi, na pengine katikati ya neno. Ukipata majibu matatu tofauti kwa kusoma mara tatu, maana yake umeisoma vizuri.

Ubishi wenu wa nyumbani nao hauna mshindi. Mzee anadhani uhakiki wa gazeti unafika mahali ambapo haufiki. Wewe unadhani kwa kuwa tahariri ni maoni, basi takwimu na tarehe zilizomo hazina uzito. Gazeti linawajibika kwa kila tarakimu iliyomo ndani ya tahariri sawasawa na iliyomo kwenye habari ya ukurasa wa mbele. Kinachobadilika ni kwamba kwenye tahariri mwandishi ana ruhusa ya kuegemea upande.

Sehemu ya tatizo ni neno lenyewe. Tukisema "ukweli" huwa tunabeba vitu viwili kwa mkupuo: jambo ambalo ni kweli, na jambo la aina inayoweza kupimwa kama ni kweli au la. Chukua kauli "Daraja lilijengwa mwaka 1987." Hiyo inapimika, unafungua kumbukumbu unaangalia. Ukikuta lilijengwa 1991, kauli ni ya uongo, lakini haijageuka kuwa maoni. Imebaki kuwa kauli ya kupimika iliyokosewa. "Daraja hilo ni aibu kwa mji" ni jambo jingine: hata ukimaliza nyaraka zote za mji hutaikuta aibu imeandikwa mahali, kwa sababu aibu iko kwenye kipimo cha anayesema. Kwa hiyo badala ya "ukweli" na "maoni", tumia "kauli ya kupimika" na "hukumu", na mengi yatanyooka. Mzee anaposema "imehakikiwa", muulize: imehakikiwa sehemu ipi? Hukumu haihakikiwi. Inatetewa.

Usijione mjinga kwa kuchanganyikiwa. Mwaka 2018 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kiliwapa watu wazima kauli tano za kupimika na tano za maoni, wazitenganishe. Waliopatia zote tano za kupimika walikuwa asilimia 26. Waliopatia zote tano za maoni asilimia 35. Na zile zilikuwa sentensi fupi, moja moja, zilizochaguliwa makusudi. Tahariri haikupi sentensi zilizooshwa namna hiyo.

Isitoshe, kati ya kauli ya kupimika na hukumu kuna aina nyingine ambazo kalamu zako hazina rangi yake. Kuna tafsiri: "kupanda kwa nauli ndiko kulikopunguza abiria." Hiyo inaweza kupimwa, lakini kwa kazi kubwa, na wenye akili zao wanaweza kutofautiana. Kuna utabiri, ambao leo haupimiki ila kesho utapimika. Kuna pendekezo, "waziri ajiuzulu," ambalo si kweli wala si uongo, ni ombi. Tahariri nyingi huenda kwa mtiririko huo: tukio, tafsiri, hukumu, pendekezo. Panapohitaji jicho kali ni pale tukio linapogeuka kuwa tafsiri, kwa sababu ndipo mwandishi hupita kimyakimya.

Sasa tushike mfano mkononi. Aya hii nimeitunga mimi kwa kufuata ile sentensi yako ya ajali, ili tusimwonee mwandishi yeyote:

*"Kwa mara nyingine, uzembe wa halmashauri umegharimu maisha. Ajali katika barabara kuu ya mji zimeongezeka kwa asilimia 40 mwaka huu. Taa za barabarani zilizimwa mwezi Machi ili kubana matumizi, ajali zikaongezeka, wakazi wakaanza kuogopa kutoka usiku. Mkurugenzi anadai bajeti haitoshi, ingawa alikiri kwamba fedha za sherehe zilipatikana. Kila mpenda haki anajua taa hizo lazima ziwashwe. Tunaamini mkurugenzi anapaswa kuwajibika."*

Wengi wakipewa aya hii huikimbilia sentensi ya mwisho na kalamu nyekundu, kisha huona kazi imekwisha. Mimi ningeambiwa nichague sentensi ya kuogopa kati ya hizi sita, hiyo ningeiweka ya mwisho. "Tunaamini" ni mlango ulioandikwa jina juu yake. Unajua nani anasema, unajua anachotaka, na ukikataa unakataa waziwazi. Maoni yanayokubadilisha bila wewe kujua yako kwenye sentensi nyingine tano.

Anza na ya kwanza. Jaribu kuikanusha: "Uzembe wa halmashauri haukugharimu maisha." Umeona? Umekanusha vifo, lakini uzembe umebaki umesimama. Hakuna mahali aya hii inapodai kwamba halmashauri ni zembe; imelichukulia hilo kama jambo lililokwisha kukubaliwa, ikaendelea na safari. Nomino za namna hii, uzembe, ubadhirifu, kiburi, unafiki, ndizo mahali hukumu inapopenda kulala, kwa kuwa mtu habishani na nomino, hubishana na kitenzi. Hata "kwa mara nyingine" haikuguswa na kukanusha huko. Ina maana kuna mara iliyotangulia, na hatukuambiwa ni lini. Jaribio hili la kukanusha lijaribu popote: kinachosalia baada ya kukanusha sentensi ni kile ambacho mwandishi hakutaka mjadiliane. Virejeshi, kama "ulioshindwa", navyo ni hivyohivyo. "Mradi ulioshindwa utaendelea kufadhiliwa" ukiukanusha unapata "mradi ulioshindwa hautaendelea kufadhiliwa", na kule kushindwa hakujaguswa.

Sentensi ya tatu ni hatari zaidi, na haina neno hata moja la maoni. Taa zilizimwa: linapimika. Ajali zikaongezeka: linapimika. Wakazi wakaanza kuogopa: linapimika kwa taabu, lakini linapimika. Bluu, bluu, bluu. Ila angalia ile -ka-. Kiswahili kinatupa kiambishi cha kufuatanisha matukio bila kutulazimisha kusema lipi lilizaa lipi, na sikio letu limezoea hadithi: akaingia, akakaa, akala. Ukisikia "taa zilizimwa, ajali zikaongezeka", kichwa kinajaza chenyewe "kwa sababu hiyo". Mwandishi hajasema. Ukimfuata atakwambia, "Mimi nimetaja mfuatano tu," na kwa sarufi atakuwa sahihi. Iandike upya bila -ka-: "Taa zilizimwa mwezi Machi. Mwaka huohuo ajali ziliongezeka." Mambo ni yaleyale, lakini sasa swali linajitokeza lenyewe: ajali ngapi zilitokea usiku? Ngapi zilitokea Januari na Februari, taa zikiwa bado zinawaka? Kama kati ya ajali 14 za mwaka, tisa zilitokea mchana, taa haziwezi kubeba lawama ya tisa hizo.

Sentensi ya nne ina vitenzi viwili vya kunukuu, na vyote vimekunjwa. "Anadai" humfanya msemaji aonekane hajaaminika. "Alikiri" humfanya aonekane amebanwa akatoa siri. Huenda mkurugenzi aliulizwa kama sherehe ilikuwa na bajeti yake akajibu "ndiyo". Weka "anasema" na "alisema" mahali pa vitenzi hivyo, usome tena. Kama sentensi imepoa ghafla, basi joto lilikuwa la mwandishi. Lakini si kila "anadai" ni hila. Mtu akisema jambo ambalo kumbukumbu za wazi zinalipinga, "anadai" ni neno la haki. Swali ni kama neno hilohilo linatumika kwa pande zote mbili, au upande mmoja daima "unaeleza" na mwingine daima "unadai".

Hapo hapo angalia watendaji waliopotea: inasemekana, imefahamika, inaaminika, imebainika. Nani amefahamu? Kwenye habari, "imefahamika" wakati mwingine humlinda mtoa taarifa, na hilo lina sababu zake. Kwenye tahariri, mara nyingi huficha tu kwamba aliyefahamu ni mwandishi mwenyewe.

Ya tano naipita haraka. "Kila mpenda haki anajua" ni kufuli: ukipinga, umejitangaza kuwa si mpenda haki. Haina hoja ndani.

Turudi kwenye asilimia 40 yako, maana ndiyo iliyokukera na ulikuwa na sababu. Tuseme hesabu ya ajali kwa miaka minne ilikuwa hivi: 15, 16, 10, 14. Kutoka 10 hadi 14 ni ongezeko la nne, na nne kwa kumi ni asilimia 40. Tarakimu ni sahihi kabisa. Sasa linganisha mwaka wa nne na wa kwanza: 15 hadi 14, ajali zimepungua, karibu asilimia 7. Linganisha na wastani wa miaka mitatu iliyotangulia: 15 na 16 na 10 ni 41, ukigawa kwa tatu unapata kama 13.7. Mwaka wa ajali 14 ni mwaka wa kawaida. Kilichokuwa si cha kawaida ni ule mwaka wa 10. Mwandishi hakusema uongo. Alichagua mahali pa kuanzia kuhesabu. Uchaguzi huo ndio maoni, na umevaa nguo za takwimu.

Kwa hiyo ukikutana na asilimia kwenye tahariri, tafuta vitu vinne kabla ya kuipa rangi yoyote. Idadi yenyewe, siyo asilimia tu: ongezeko la asilimia 40 kutoka 10 na ongezeko la asilimia 40 kutoka 10,000 si ndugu. Mwaka wa kuanzia, na miaka mitatu minne nyuma yake. Kigawanyo: kama magari barabarani yameongezeka kwa nusu, ajali kwa kila magari elfu zinaweza kuwa zimepungua wakati jumla imepanda. Na mwisho, tofauti kati ya asilimia na pointi za asilimia. Riba ikipanda kutoka asilimia 4 hadi 6, imepanda kwa pointi mbili, au kwa asilimia 50. Anayetaka kukutisha atasema 50, anayetaka kukutuliza atasema mbili, na hakuna kati yao aliyedanganya.

Kuna jambo moja zaidi la kuangalia, na wanafunzi wengi hulikosa kwa kuwa linahitaji kurasa mbili. Tahariri nyingi huzaliwa na habari iliyotoka kwenye gazeti hilohilo siku moja au chache kabla. Itafute, uziweke pamoja. Habari itasema "polisi wanashuku dereva alisinzia". Tahariri itasema "dereva aliyesinzia". Habari itasema "kwa mujibu wa ripoti ya awali". Tahariri itaacha "ya awali". Tahadhari hudondoka njiani, kwa sababu tahariri ni fupi na inataka mwendo. Hakuna aliyekaa akapanga kudanganya, lakini shaka ya jana imekuwa uhakika wa leo.

Sasa zoezi lako. Usimrudishie mwalimu rangi mbili. Mweleze kwa nini hazitoshi, na umwoneshe kazi. Soma tahariri yote mara moja bila kalamu, kisha funga ukurasa uandike kwa sentensi moja: wanataka nini kifanyike, na nani akifanye? Ukishindwa kuandika hivyo, aidha hujaisoma au tahariri yenyewe haina msimamo. Zote mbili hutokea. Rudi na kalamu moja. Piga mstari ulionyooka chini ya kila kipande, hata kama ni maneno mawili, ambacho unaweza kutaja mahali pa kukipima: daftari gani, ofisi gani, ripoti gani. Usipoweza kutaja mahali, usipige mstari. Piga mstari wa mawimbi chini ya maneno yenye sifa au lawama, ukianza na nomino na virejeshi. Kisha zungushia duara viunganishi vyote: kwa hiyo, ndiyo maana, kutokana na, matokeo yake, na kila -ka- inayounganisha matukio mawili. Hapo ndipo tafsiri zinapokaa.

Ukimaliza, futa vyote vya mawimbi, andika tena kilichobaki. Aya yangu ya juu ikifanyiwa hivyo inabaki: ajali zimeongezeka kwa asilimia 40 (tuseme kutoka 10 hadi 14), taa zilizimwa Machi, mkurugenzi anasema bajeti haitoshi, fedha za sherehe zilipatikana. Jiulize kama hayo yanatosha kukufikisha kwenye "awajibike". Halafu jaribu kutumia mambo hayohayo manne kuandika hoja ya kinyume, ya kumtetea mkurugenzi. Ukiiandika kwa urahisi, mambo hayo hayakubeba hukumu. Ilibebwa na maneno uliyoyafuta. Ukihangaika nusu saa ukashindwa, tahariri ina miguu.

Mwisho chagua mambo mawili, siyo yote, ukayapime kweli. Chagua yale ambayo yakianguka, hoja nzima inaanguka. Kosa la kawaida ni kutumia saa nzima kuhakiki cheo cha mtu au tarehe ya mkutano, vitu ambavyo hata vikikosewa hoja haitikisiki, na kuacha ile asilimia 40 iliyobeba nyumba yote.

Je, ingekuwa heri kuacha tahariri kabisa ukasoma habari tu? Sioni hivyo. Habari nayo imechaguliwa: nani ahojiwe kwanza, nani awekwe aya ya mwisho, kichwa kisemeje. Tahariri angalau inajitambulisha. Kusoma magazeti mawili yenye misimamo tofauti kunasaidia kuona kilichoachwa, kwani mmoja hutaja alichokiruka mwenzake. Lakini usidhani ukweli unakaa katikati yao. Mmoja akisema daraja liko imara na mwingine akisema limepasuka, haliwi limepasuka nusu. Tovuti za uhakiki wa madai zinafaa kwa sentensi moja moja. Haziwezi kukuambia kwamba sentensi zote ni sahihi na picha nzima imepinda, na hilo ndilo lililokupata.

Lipo pia suala la mahali unaposomea. Kwenye karatasi, tahariri ina makazi yake: ukurasa uleule kila siku, nembo ya gazeti juu, haina jina la mwandishi kwa sababu ni sauti ya gazeti lenyewe. Makala ya safu ina jina na mara nyingi picha, na ni sauti ya huyo mtu. Makala ya mgeni ni ya mtu wa nje. Gazeti la New York Times la Marekani lilianza ukurasa wake wa wageni tarehe 21 Septemba 1970, na jina la Kiingereza la ukurasa huo, "Op-Ed", lilitokana na mahali ulipo, mkabala na ukurasa wa tahariri, wala halikumaanisha maoni ya upinzani kama wengi wanavyodhani. Mwaka 2021 gazeti hilo liliacha kulitumia, kwa kuwa kwenye skrini hakuna ukurasa wa mkabala. Kwenye simu makazi hayo yamevunjika: unatumiwa picha ya aya moja, lebo ya "Maoni" imekatwa, kilichobaki ni jina la gazeti. Kabla ya kubishana na mzee kuhusu aya, fungueni ukurasa wake kamili muone imeandikwa juu yake nini.

Na kama inaruhusiwa? Kuegemea upande, ndiyo. C. P. Scott, aliyelihariri gazeti la Uingereza la Manchester Guardian tangu 1872 hadi 1929, aliandika mwaka 1921 kwamba maoni ni huru lakini ukweli ni mtakatifu, na sentensi hiyo imenukuliwa mpaka imechakaa. Katika makala hiyohiyo alisema pia kuwa maoni yanapaswa kujizuia, kwamba kusema wazi ni vizuri, na kutenda haki ni vizuri zaidi. Nusu hii ya pili hainukuliwi sana, pengine kwa kuwa inawabana wanaonukuu.

Mahakama nazo zimelazimika kuutafuta mpaka huu. Mwaka 1986, katika kesi ya mwandishi Lingens dhidi ya Austria, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema kuwepo kwa mambo kunaweza kuthibitishwa, ila huwezi kumdai mtu athibitishe ukweli wa hukumu yake. Katika kesi za baadaye ikaongeza kwamba hukumu nayo inahitaji msingi wa kutosha wa mambo yaliyotokea. Marekani, mwaka 1990, Mahakama ya Juu katika kesi ya Milkovich ilikataa wazo kwamba ukitanguliza "kwa maoni yangu" umekuwa salama: kusema "kwa maoni yangu fulani ni mwongo" kunaweza kumuumiza mtu sawa na kusema "fulani ni mwongo", kwa sababu kunadokeza kwamba unajua jambo. Sheria ya Kashfa ya mwaka 2013 ya England na Wales inamlinda mwenye maoni ya kweli ya moyoni, kwa sharti kwamba yaonekane ni maoni, yataje hata kwa jumla yalikosimama, na mtu mwaminifu aweze kuwa nayo kwa mambo yaliyokuwepo wakati huo. Hakuna kati ya hizo inayosema tahariri iwe baridi. Zote zinataka msingi uonekane.

Ukitaka kulalamika kuhusu ile asilimia 40, usimwandikie mhariri kwamba tahariri "ina upendeleo". Atakubaliana nawe kisha ataitupa barua yako. Taja tarehe ya toleo, nukuu sentensi moja, andika hesabu za miaka yote minne na ulikozipata, omba ufafanuzi uchapwe. Maneno 150 yanatosha, na itume ndani ya siku mbili tatu. Baada ya wiki mjadala umehama. Wasipojibu, na nchi yako ina baraza la habari au gazeti lina mhariri wa malalamiko, peleka huko barua ileile pamoja na ukurasa mzima. Watapima kama jambo la kupimika lilikosewa au limepotosha, hawatapima kama msimamo ni mzuri.

Kwa zoezi la darasani, mtu wa kumwona ana kwa ana ni mwalimu wako, uende na ukurasa uliochorwa siyo na swali la jumla, na kwa takwimu mwone mhadhiri wa takwimu au mkutubi akuoneshe ripoti asilia ya ajali. Kama ikitokea siku moja aliyetajwa kwa jina kwenye tahariri ni wewe au mzee wako, na kilichoandikwa ni jambo la kupimika ambalo si kweli, usianze kujibizana mitandaoni. Hifadhi gazeti lenyewe, hifadhi ukurasa wa mtandaoni ukiwa na anwani na tarehe yake kabla haujahaririwa, kisha mwone wakili mapema, kwa kuwa muda wa kufungua shauri la kashfa huwa mfupi kuliko wa madai mengine. England na Wales, kwa mfano, ni mwaka mmoja tu.